Jedwali kwenye programu za kutengeneza website: tuongezewe vitufe au turekebishiwe vilivyopo?

Juzi nilikuwa Masaka, Uganda, natengenezea website chama kimoja cha wakulima wa kahawa, na ukurasa ambao watu wanautaka kweli ni mmoja tu, ule wa bei: kiboko (kahawa kavu yenye maganda) na FAQ (kahawa iliyokobolewa), bei ya chini na ya juu, kwa Masaka, Kalungu, Lwengo na Bukomansimbi. Sasa juu ya jedwali lake nikaunganisha seli mbili ziandikwe Kiboko, mbili zingine FAQ, ikapendeza. Halafu mwenyekiti akasema ile safu ya bei ya juu ya kiboko itolewe, nikaifuta, na programu ikaifuta kweli lakini kichwa cha Kiboko kikabaki kimeshika safu mbili, kwa hiyo bei ya chini ya FAQ ikahamia chini ya Kiboko. Jamani, bei ya FAQ iko juu sana kuliko ya kiboko. Mkulima akiamini ile namba anaharibikiwa na mauzo ya msimu mzima.

Kuna wenzangu hapa Kampala wanasema dawa ni kuleta Excel nzima ndani ya programu, yaani kuburuta safu, kupanga kwa bei, fomula, kila kitu. Wana hoja, kwa sababu anayejaza bei kila wiki ni karani wa chama, siyo dizaina, na Excel anaijua.

Wengine wanakataa kabisa, na mimi niko karibu nao zaidi. Miaka ya 1990, CSS (lugha ya kupanga muonekano wa ukurasa) ikiwa bado changa, watu walikuwa wanapanga ukurasa mzima kwa jedwali, jedwali ndani ya jedwali, menyu huku picha kule, na kuja kurekebisha ilikuwa kazi ngumu mno. CSS ilipokomaa, tukapata njia zake za kupanga ukurasa kama flexbox, halafu grid iliyoingia kwenye brauza kubwa 2017, jedwali likarudi kwenye kazi yake ya kuonyesha data. Ukijaza vitufe vingi mtu anarudia yale yale, na programu yenyewe inakuwa nzito kwa laptop ya RAM ndogo na bando la kuhesabu. Ila wakisema basi liachwe lilivyo hapo tunaachana, maana kasoro ya Masaka siyo kukosa kitufe. Programu inajua kile kichwa kina colspan (idadi ya safu ambazo seli inashika) ya 2, safu ikifutwa ipunguze iwe 1, basi, na kama haina uhakika iulize kabla ya kufuta.

Pesti pia. Ukikopi kutoka Excel inakuja na fonti, rangi na upana wa pikseli, kwenye simu inatoka nje ya skrini. Ingechukua maandishi na namba tu, anayetaka urembo achague mwenyewe, na namba zikae kulia zenyewe, shilingi zetu zina tarakimu nyingi, zikikaa kushoto huwezi kulinganisha haraka 980,000 na 1,250,000.

Halafu kichwa cha safu. Programu nyingi zinakupa herufi nene tu, ukiangalia HTML, yaani msimbo wa ukurasa, bado ni td (seli ya kawaida) badala ya th (seli ya kichwa) yenye scope, inayosema kichwa ni cha safu au cha mstari. Wewe unaona kichwa, lakini asiyeona anayesomewa skrini kwa sauti anasikia "elfu sita mia tano" bila kujua ni ya nini wala ya wapi. Hii kwangu ndiyo ya kwanza kabisa, na haihitaji zaidi ya kitufe kimoja.

Kwenye simu ndipo ubishi ulipo mkubwa. Wapo wanaotaka kila mstari ugeuke kadi, inasomeka vizuri kweli, lakini mkulima anataka kuona Lwengo na Kalungu pamoja aamue apeleke gunia wapi, na kadi zinamnyima hicho, tena ukitumia CSS kubadilisha display ya jedwali kuwa block, yaani lisipangwe tena kama jedwali, kuna brauza zinazoweza kuacha kulitambulisha kama jedwali kwa anayesomewa skrini. Mimi naomba lisogee pembeni ndani ya boksi lake, safu ya kwanza yenye majina ya miji ibaki imeganda. Kadi ziwepo kwa anayezitaka, zisiwe ndiyo mpangilio wa kuanzia.

Kwa sasa pale Masaka nimeondoa seli zote zilizounganishwa, kila safu nimeiandika jina lake zima, Kiboko bei ya chini, FAQ bei ya chini, FAQ bei ya juu. Halijapendeza kama lile la kwanza lakini karani anajaza mwenyewe na namba hazihami.