Sura ya shangazi kwa rangi nne

Nina tyubu kumi na nane za akriliki, rangi za kuchorea zinazochanganywa na maji, kwenye boksi la viatu. Ninapochora sura ya mtu, nagusa nne tu. Miongoni mwa zilizobaki kuna moja imeandikwa "rangi ya ngozi". Ni pinki iliyopauka, kama maziwa yaliyotiwa sharubati. Ngozi ya nani hiyo? Mtaani kwetu sijamwona mwenye nayo.

Hizo nne ni nyeupe, nyeusi, nyekundu inayoelekea machungwa, na njano ya udongo. Sikuzibuni mimi. Anders Zorn, mchoraji wa Sweden aliyefariki 1920, alijichora mwaka 1896 akiwa ameshika kibao chake cha rangi, na zilizopo juu yake ni hizo hizo. Kwa kuwa alitumia rangi za mafuta na wengi aliowachora walikuwa Wazungu, wenzangu huniambia hiyo mbinu haituhusu. Nabisha. Nyeusi na nyekundu, ukidondoshea njano kidogo, zinakupa kahawia yenye damu ndani yake. Ile kahawia ya tyubu ni ya kupaka mlango.

Shangazi nilimchora mara mbili. Mara ya kwanza nilifungua boksi lote. Kila nilipokosea nikafunika kwa rangi nyingine, mpaka uso ukawa tope. Mara ya pili nikajibana. Pajini, pale mwanga wa dirishani ulipompiga, niliweka kijivu cha nyeusi na nyeupe, pigo moja la brashi pana, nikaliacha na mikwaruzo yake. Chini ya taya nikachanganya njano na nyeusi, ikazaliwa kijani. Nyekundu tupu niliiweka akiba hadi mwisho: mdomo wa chini na pembe ya jicho, basi. Ukibaki na rangi nne huna pa kujificha. Ukikosea giza na mwanga, pua inalala kama chapati.

Akriliki nayo ina vituko vyake. Kwa joto la Dar inakaukia kwenye sahani kabla hujaamua, kwa hiyo natandika kitambaa chenye maji, juu yake karatasi ya kuokea, ndipo naweka rangi. Tena ikikauka inakolea kuliko ilivyokuwa mbichi; lazima uichanganye ikiwa imepauka kidogo zaidi ya unavyotaka. Nyeusi chovya kwa ncha tu. Inameza kila kitu.

Sisemi zinatosha kwa kila kazi. Bahari ya saa sita mchana huipati kwa rangi hizi, usijisumbue. Mimi mwenyewe nilihofia khanga, maana shangazi alikaa na ya bluu na bluu sikuwa nayo. Nikaipaka kijivu kile kile cha pajini, pembeni nikazungushia nyekundu iliyochanganywa na njano.

Shangazi aliitazama picha muda mrefu, miwani imeshuka puani.

"We mtoto, shingoni umenipaka kijani kama jani la mwembe," akasema. "Ila khanga yangu umeipatia. Bluu yake ndiyo hii hii."

Nikanyamaza.