Bodi Tupu

Ndugu zangu, MC akishika kipaza na kutangaza "wenye simu kali sogeeni mbele, keki inakatwa", huku mpiga picha wa kamati, yaani mimi, nimesimama na kamera shingoni, mjue heshima imeshaondoka. Jumamosi nilichoambulia ni visogo. Visogo safi kabisa, vimekaa kwenye fokasi.

Nikasema liwalo na liwe, nanunua mpya. Ila lini? Ninayotumia ni Canon 5D Mark III, toleo la 2012. Enzi zile matoleo yalikuja kwa staha: Mark II 2008, III 2012, IV 2016, yanaongozana na Olimpiki. Mtu unajipanga, unacheza vikoba, unafika. Sasa Canon hao hao, R6 imetoka 2020, sijamaliza hata kuulizia bei, 2022 ikatua R6 Mark II.

Mama watoto nilipomdokeza, aliuliza tu kama hiyo kamera inaezeka nyumba.

Jumatatu nikachomekea shati, nikashuka Kariakoo. Kijana wa dukani akanipokea: "Karibu mzee wangu." Nikaitaja R6 Mark II kwa sauti ya mwenye hela. Akataja bei. Nikakohoa. Kule Marekani ilianza na dola 2,499. Mpaka ifike Kariakoo imeshameza nauli, ushuru na mdomo wa dalali.

"Lenzi yake imo humo?"

"Hapana mzee, hiyo bodi tupu."

"Za kwangu za zamani zitaingia?"

"Zinaingia, kwa adapta."

"Adapta iko kwenye boksi?"

Akacheka. Hakujibu, alicheka tu.

Memori kadi? Inajitegemea. Betri ya pili? Inajitegemea. "Begi nitakupunguzia, mzee."

"Ngoja uone mzigo unavyofanya kazi." Akanielekezea, pa! Akaikuza kwenye skrini. Jamani! Pikseli milioni 24 zote zimeushukia uso wangu. Niliona mvi za puani. Niliona kipele ambacho sikuwahi kutambulishwa nacho. Kovu la tetekuwanga la darasa la pili hilo hapo, limekaa kama kiwanja. "Cheki ilivyo kali," kijana anasema, anazidi kuvuta. Wateja wawili wakasogea kuchungulia, mmoja akauliza, "Huyu amepatwa na nini?" Na mimi nipo palepale, nimechomekea.

Nikamwambia afute. Akasema kitufe cha kufutia bado hajakijua.

Akanitolea 5D Mark IV ya mtumba kutoka Dubai: "Imetumika kidogo, mwenyewe alikuwa anapiga maua tu." Shata ya kamera ile, kile kipazia kinachofunguka kila ukipiga picha, imepimwa kwa mapigo 150,000. Tulipoichomeka kwenye kompyuta, ilishapita 210,000. Maua gani hayo?

Na hata nikinunua, huo ukali ataufaidi nani? Maharusi wa siku hizi neno lao moja: "Kaka, nirushie WhatsApp." WhatsApp inaziminya, zikifika kwa shangazi anasema za simu ya binamu ndiyo zimetoka vizuri, zimemng'arisha. Si filta hiyo! Yaani nitoe mamilioni watu waone vipele vyao, kisha wanidai nivifute, tena bure! Nimechoka, nasema kweli. Na kamati nazo, bajeti ikibana wa kwanza kupunguzwa ni mpiga picha, vinywaji haviguswi. Salio utapewa baada ya sherehe. Baada ya sherehe mweka hazina hapatikani.

Sasa mpwa wangu anaoa Desemba. Kadi ya mchango imeshaletwa, elfu hamsini, na chini kaandika kwa kalamu: "Anko, picha tunakutegemea." Mchango nitoe, picha nipige, na sare ya ukoo ninunue mwenyewe. Kitenge cha zambarau. Nani kawaambia wanaume wa ukoo huu tunapendeza na zambarau? Na fundi anataka kipimo kabla ya Ijumaa, eti wote tuwe na mshono mmoja, mpaka babu.