Muuzaji HAL, mnunuzi jeshi, mkaguzi nae ni wa nyumbani

Mwezi wa tatu 2025 serikali ya India ilisaini kununua helikopta za mashambulizi 156 aina ya Prachand, mzigo wa zaidi ya dola bilioni 7, muuzaji ni HAL, kampuni ya serikali yenyewe yenye makao Bangalore. Wakati wanasaini, helikopta zingine za HAL hiyohiyo, Dhruv, kama 330 hivi, nyingi zilikua zimepaki chini haziruhusiwi kuruka. Sasa unajiuliza, hawa jamaa wana imani sana au hawana pa kwenda?

Mi nasema yote mawili.

Anza na sababu za kujenga zao, maana wengi wanaruka hapa. Vita ya Kargil 1999, kati ya India na Pakistan, ilipiganwa kwenye milima inayofika mita 5,000, huko hewa ni nyepesi, mapanga ya helikopta hayapati cha kushika na injini inaishiwa nguvu, India ikajikuta haina helikopta ya kushambulia inayoweza kupigana huko juu. Apache ya Mmarekani ni chombo kikali ila ni nzito, Prachand ikiwa imebeba kila kitu ni tani 5.8 tu na ilishawahi kutua Siachen, kule kwenye barafu la milimani. Alafu kuna lile la 1998, India ikajaribu mabomu ya nyuklia, Marekani ikaweka vikwazo na mpango wa injini ya Kimarekani kwa ajili ya Dhruv ukafia hapo. Ukishafanyiwa hivyo mara moja huwezi kusahau.

Wapo wanaosema "yenu kivipi wakati Shakti, injini ya Prachand, mmeunda na Wafaransa na mzinga wake ni wa Wafaransa pia?" Hoja hii mi naiona nyepesi, karibu kila nchi inachanganya vipuri vya wengine, cha maana ni nani anaweza kubadilisha muundo bila kuomba ruhusa.

Kinachonisumbua ni Dhruv. Tarehe 5 Januari 2025 moja ya walinzi wa pwani ilianguka Porbandar ikaua watu watatu, uchunguzi ukaonyesha kile kifaa kinachoongoza mapanga kilivunjika, ndo zote zikashushwa kwa miezi kadhaa, na 2023 zilikua zishawahi kushushwa tena kwa ajali zingine. Na Prachand imezaliwa kwenye Dhruv, injini ileile, na mfumo wa kuzungusha mapanga una mambo mengi ya kufanana, kwahiyo ugonjwa wa mama unaweza kumfikia mtoto.

Angalia Ecuador sasa. Walinunua Dhruv 7, zikaanguka 4, HAL ikasema shida ni marubani na matunzo mabovu, na kweli sio ajali zote zilikua za mashine, lakini Ecuador 2015 wakavunja mkataba wakaondoka zao. Jeshi la India haliwezi kufanya hivyo. HAL iko chini ya wizara ya ulinzi, jeshi liko chini ya wizara hiyohiyo, na CEMILAC, wale wanaothibitisha kua chombo kinafaa kuruka, nao ni tawi la DRDO, shirika la utafiti wa silaha, ambalo nalo ni la wizara ya ulinzi! Hapo nani atamwambia mwenzake ukweli mchungu? Sisemi wanadanganyana, ila mteja asieweza kuondoka hana cha kumtishia fundi.

Kununua nje peke yake sio dawa pia, rubani wa Siachen hadi leo anarusha Cheetah, muundo wa Kifaransa wa zamani sana, na LUH, helikopta nyepesi ya HAL ya kuchukua nafasi yake, iliruka mara ya kwanza 2016 lakini bado haijafika vikosini kwa wingi unaotakiwa. Kwahiyo hizo 156 ningesaini hata mimi, ila malipo yaende kwa mafungu na kila fungu lisubiri ripoti ya wakaguzi ambao mshahara wao hautoki wizara ya ulinzi, na ripoti za ajali zitoke hadharani, sio wananchi kusikia vipandevipande kwenye magazeti.