Watu Saba, Fishipleti Nne, Asubuhi Nzima: Mnacheka Nini?

Kuna video fupi inazungushwa kwenye magrupu siku hizi. Gengi la reli, vizibao vya rangi ya chungwa, limezunguka sehemu moja ya njia karibu na kivuko. Mmoja kapiga magoti na rula ya chuma, mwingine kakamata spana ndefu kama mkono wake, wengine wamesimama wanatazama. Anayerekodi yuko juu ya bodaboda, anacheka mpaka simu inatikisika: "Watu saba wanafunga bolti! Halafu tunashangaa nchi haiendi!" Chini yake vicheko vya kutosha, na mjuzi mmoja akaongeza kwamba yeye na mpwa wake wangemaliza hiyo kazi kabla chai haijapoa.

Sawa. Simamisha video pale rula inapowekwa juu ya reli. Angalia reli inayoishia kushoto mwa rula, kisha inayoanzia kulia kwake. Ya kushoto ni nene, imesimama. Ya kulia ni nyembamba na fupi kwa kimo. Hao watu hawafungi bolti. Wanaunganisha reli mbili ambazo hazikuzaliwa ziungane, na kama wewe na mpwa wako mna nusu saa ya kufanya hivyo, naomba mniambie ni njia ipi ili mimi nipande basi.

Nimekulia kambi ya gengi, kwa hiyo ndiyo, nina upande. Baba alikuwa mnyapara. Lakini hata asingekuwa, hesabu zingebaki zilezile. Kwa vipimo vya Kiingereza, ambavyo ndivyo tulivyorithi, reli ya ratili 80 kwa yadi (huo ndio uzito wake, na ndilo jina lake) ina kimo cha milimita 133 na ushee. Ya ratili 60 ina 114 na ushee. Toa moja kwa nyingine unapata milimita 19. Ukizilaza zote mbili juu ya taruma moja, lile boriti la kulalia reli, gurudumu la behewa linakutana na ngazi ya milimita 19 ya chuma. Ngazi! Halafu reli ya ratili 50, aina iliyotandikwa Reli ya Uganda ilipoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 mpaka ikafika Kisumu 1901, ina kimo cha milimita 100 tu. Iweke karibu na ya ratili 80 uone.

Tumefikaje kuwa na reli za kila kimo kwenye njia moja? Umaskini na akili, vyote pamoja. Hakuna nchi inayong'oa njia yote kwa siku moja. Reli nzito inawekwa kwenye njia kuu, ile nyepesi iliyong'olewa inapelekwa tawini au kwenye njia za pembeni za stesheni. Shirika la Reli la Afrika Mashariki lilikuwa na injini za mvuke za Garratt daraja la 59 zenye uzito wa tani zaidi ya 250, mzigo wa ekseli tani 21, na hizo zilibaki kwenye njia kuu yenye reli nzito. Daraja la 60, tani 11 kwa ekseli, ndizo zilizotumwa kwenye reli nyepesi. Injini unaweza kuzigawa hivyo. Lakini njia yenyewe lazima mahali fulani nzito ikutane na nyepesi, na mahali hapo ndipo gengi letu la kwenye video limepiga magoti.

Sasa sikilizeni kazi yenyewe. Gurudumu halijali kitako cha reli, kile kinachokalia taruma. Linajali mambo mawili: uso wa juu linapobingirika, na uso wa ndani inapopita flanji, ule mdomo wa gurudumu unaolizuia lisitoke kwenye reli. Hizo nyuso mbili lazima zilingane. Kila kitu kingine kiache kisilingane, na hakitalingana. Kichwa cha ratili 80 kina upana wa milimita 63.5, cha ratili 60 ni 57 na kidogo. Ukilinganisha uso wa ndani, basi katikati ya reli moja haipo mbele ya katikati ya nyingine, na matundu ya bolti nayo hayapo kwenye mstari mmoja wala kimo kimoja. Chini huku, kitako cha reli nyepesi kinaelea milimita 19 juu ya mwenzake, kwa hiyo mataruma ya upande huo lazima yainuliwe kwa kokoto au yawekewe bamba la kupandishia. Na kama ni mataruma ya chuma, masikio yake yaliyotengenezwa kwa kitako chembamba hayapokei kipana, usijisumbue kugonga nyundo.

Fishipleti, lile bamba la chuma linaloshika ncha mbili za reli kwa bolti, ikiwa ya kawaida hapo haina kazi. Fishipleti haibani reli kwa bolti peke yake kama watu wanavyodhani. Inajikabari kati ya chini ya kichwa na juu ya kitako, bolti zinaivuta tu ijikabari zaidi. Nafasi hiyo kwenye reli nzito ni kubwa, kwenye nyepesi ni ndogo. Ndiyo maana inatakiwa fishipleti maalumu iliyofuliwa kiwandani ikiwa na mkunjo katikati: nusu ya ratili 80, nusu ya ratili 60, imeshuka wima na imeyumba kidogo kwa upande.

Na hapo mjuzi wa comments hajafika hata nusu ya safari. Simama katikati ya njia, tazama reli ya upande mmoja. Tuseme ile nzito iko kulia kwako. Geuka utazame ya upande wa pili. Nzito sasa iko kushoto. Kwa hiyo kuna seti ya kulia na seti ya kushoto, na kila seti ina fishipleti ya ndani na ya nje. Vipande vinne, vyote tofauti, kwa mahali pamoja.

Nakumbuka baba aliwahi kusubiri vipande hivyo, vikaja kwa kiberenge, seti mbili zote za kulia. Bwana mkubwa mmoja wa ofisini, mwenye viatu visivyojua kokoto, akasema si mzigeuze tu, chuma ni chuma. Baba akamwambia kwa adabu zote za mtu aliyekasirika: "Mheshimiwa, tukizigeuza, uso wa ndani utakuwa na kisiki, flanji itakuja kukigonga. Labda uketi wewe hapa uwe unazionya treni." Treni zikapita pale kwa mwendo wa miguu mpaka seti ya kushoto ilipofika. Ofisini walinung'unika kuhusu ucheleweshaji. Ucheleweshaji! Aliyeandika oda ya kulia mbili hakunung'unikiwa na mtu.

Mnajua mbadala wake ni nini? Nimeuona. Unachukua fishipleti ya kawaida, unaikata kwa gesi, unaipinda kwa moto, unatoboa matundu ya reli kwa gesi pia kwa sababu drili haipo, unachomelea kipande cha bamba chini ya kitako cha reli ndogo, unapaka girisi, picha, ripoti, kazi imekamilika. Tundu lililotobolewa kwa gesi lina kingo za meno meno, na chuma kilichopigwa moto hivyo pembeni yake kimekuwa kigumu na chepesi kuvunjika. Kila ekseli inayopita inagonga. Ufa unaanzia kwenye lile tundu la kwanza karibu na ncha, unatambaa kwa mshazari, na huuoni kwa sababu fishipleti yenyewe imeufunika. Siku unauona ni siku kipande cha kichwa cha reli kimelala kando ya tuta.

Mtasema natia chumvi. Marekani, ambako hawana mapenzi makubwa na kanuni, sheria ya shirikisho inasema kwenye njia ya daraja la chini kabisa, ile ya treni za kutambaa, tofauti ya uso wa juu kwenye maungio isizidi robo inchi, yaani milimita 6 na kidogo. Kwenye madaraja ya nne na ya tano, isizidi moja ya nane ya inchi. Milimita 3! Ndiyo hizo yule jamaa aliyepiga magoti anazitafuta kwa rula, huku wewe unamcheka.

Na kinachoniudhi zaidi, kulingana kwa rula si mwisho wa kazi. Reli nyepesi inapinda zaidi chini ya mzigo. Njia ikiwa tupu, maungio yako yanalingana kama kioo. Ekseli ikikanyaga, ncha nyepesi inazama kuliko nzito, na ngazi uliyoiondoa inarudi kwa muda ule ule ambao ina madhara. Taruma lililo chini linaanza kuning'inia, mvua ikinyesha linasukuma tope, tope linakula kokoto. Kwa hiyo gengi lenye akili linafunga, linasubiri treni ipite, linapima tena, linashindilia kokoto, linakaza bolti upya. Wale watu waliosimama "bila kazi" kwenye video inawezekana kabisa walikuwa wanasubiri treni. Inawezekana pia mmoja wao alikuwa mvivu tu. Nakubali, wavivu wapo, hata magenge ya zamani yalikuwa nao, na baba alikuwa na majina yao yote kichwani.

Jambo moja ambalo hata baadhi ya wahandisi vijana wanalisahau: si lazima reli ziwe za ratili tofauti ndipo vimo vitofautiane. Ratili 80 mpya ukiiunganisha na ratili 80 iliyolika kichwa kwa miaka arobaini, una ngazi pia, na kwenye karatasi zote mbili zinaitwa jina moja. Hapo unasaga ile mpya kwa mteremko mrefu au unaijaza ile ya zamani kwa kuchomelea.

Kuchomelea nako kunasaidia, sitabisha. Mjerumani Hans Goldschmidt aliipatia hataza njia ya themiti mwaka 1895, na mpaka leo chungu cha unga wa alumini na kutu ya chuma kinamimina chuma kilichoyeyuka kati ya reli mbili porini bila umeme wa gridi. Kuna kalibu za themiti zenye ngazi, maalumu kwa reli za vimo tofauti. Bolti zinaondoka, ugonjwa wa ufa wa tundu unaondoka. Ila kalibu hiyo nayo lazima iagizwe kwa jozi sahihi ya reli, kwa upande sahihi, na fundi awe amefundishwa. Bora zaidi ni kipande cha reli ya mpito kilichofuliwa kiwandani, ncha moja nzito na nyingine nyepesi, kisha unachomelea ncha sawa kwa sawa. Kina bei. Kila kitu kizuri kwenye reli kina bei.

(Na kwa aliyeuliza kwa nini wasiunganishe tu SGR na reli ya zamani kwa vipande hivyohivyo: upana kati ya reli na reli ni milimita 1,435 kwa moja na milimita 1,000 kwa nyingine, ndugu yangu. Hilo si suala la kimo.)

Hoja yangu ni hii. Tunapokarabati Reli ya Kati tunahesabu kilomita. Kilomita kadhaa za ratili 80 zimetandikwa, makofi, utepe. Hakuna hata siku moja nimesikia kiongozi, mwandishi wa habari, wala mbunge akiuliza: kilomita hizo mpya zinakutana na za zamani wapi, mara ngapi, na kwa kifaa gani? Kila kipande kilichokarabatiwa kina maungio ya aina hii mara mbili, mwanzo na mwisho. Yawe mbali na kona, mbali na daraja, mbali na kivuko na swichi, pale njia inapogawanyika. Yawe na mstari wake kwenye mkataba, na bei yake, na namba ya kilomita ubaoni pale gengi, na mtu anayejulikana wa kuyakagua. Mkandarasi asiachiwe "kumalizia kingo" mwishoni mwa mradi kwa mabaki ya chuma, fedha zikiwa zimekwisha na picha zimeshapigwa.

Msidhani ni ugonjwa wa maskini tu. Tarehe 12 Julai 2013, Brétigny-sur-Orge kusini mwa Paris, treni ya abiria iliacha njia na watu saba wakafa. Fishipleti ilikuwa imelegea na kuchomoka kwenye makutano ya njia. Fishipleti ya kawaida kabisa, Ufaransa, nchi ya treni za kasi za TGV. Mwaka 2022 mahakama ililitoza shirika la reli la SNCF faini ya euro 300,000. Kipande cha chuma unachoweza kukibeba begani.

Na huku kwetu kuna wenye haraka zaidi ya mkandarasi. Fishipleti ya kawaida ikiibiwa usiku, gengi linaazima nyingine kwenye akiba yake, asubuhi treni inapita. Hii ya mkunjo ikiibiwa hakuna ya kuazima popote. Inaagizwa, inasubiriwa, pengine inakuja ya kulia badala ya kushoto. Kwenye mizani ya chuma chakavu inapimwa kwa kilo kama sufuria lililotoboka. Kwa hiyo ukiona treni ya mizigo inatambaa hapo kwenu siku tatu mfululizo, acha kuwatukana wa reli kwanza. Pitia kwa mnunuzi wa vyuma wa mtaa wenu, umuombe akuonyeshe alichokificha nyuma ya mizani.