Marufuku ya mitumba: nani aanze kujinyima?

Machi 2016, wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuwa mitumba ipunguzwe hatua kwa hatua hadi ikome kabisa. Hoja yao ilikuwa nzito, na bado ni nzito. Tunalima pamba Simiyu na Shinyanga, sehemu kubwa tunaiuza nje ikiwa pamba nyuzi, kisha mkulima huyohuyo anavaa shati lililochoka mgongoni mwa mtu wa Ulaya. Taifa lenye pamba lakini lisilojivisha lina haki ya kuwaomba watu wake wavumilie kidogo.

Rwanda ilithubutu. Ushuru wa mitumba ulipanda kutoka senti 20 za dola kwa kilo hadi dola 2.50. Wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani walilalamika, na serikali yao ikatishia kuziondoa nchi zetu kwenye AGOA, mpango wake wa kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru. Wenzake walirudi nyuma, Tanzania ikiwemo. Rwanda haikutikisika, na mwishoni mwa Julai 2018 nguo zake zikapoteza nafasi ya kuingia Marekani bila ushuru. Msimamo ule naustahi: nchi iliamua jambo lake, ikalipa gharama yake.

Ila ukifika soko la Karume, Ilala, Dar es Salaam, hesabu inabadilika. Mama ananunua belo kwa fedha ya kikoba bila kujua ndani kuna nini. Likifunguliwa, nguo kali zinatundikwa kwenye henga, zilizochakaa zinamwagwa chini kwa bei ya kutupa. Belo likiwa bovu, mtaji umekwenda na marejesho yanamsubiri. Mteja wake ni kijana wa bodaboda anayetaka jinzi ngumu anayoimudu. Uhuru wa kuchagua nguo unaweza kuonekana mdogo kwa mwenye kabati lililojaa. Kwa kijana huyu ndiyo heshima yake mbele za watu.

Nasi kujinyima tunakujua. Baada ya vita vya Kagera fedha za kigeni ziliadimika, watu wakapanga foleni za sabuni na nguo. Mwaka 1983 ukaja msako wa wahujumu uchumi. Wapo waliotupa bidhaa usiku wasikutwe nazo. Edward Sokoine, waziri mkuu aliyeuongoza, wengi wanamkumbuka kwa uadilifu wake, na sina shaka nao. Hata hivyo maduka hayakujaa, kwa sababu msako hauzalishi kitambaa. Mwaka 1984 serikali ikalegeza, wenye fedha zao za kigeni wakaruhusiwa kuingiza bidhaa.

Mimi niko upande wa kujitegemea, lakini kumwanzia mnunuzi wa mitumba ni kumwonea. Ukimfungia leo, pengo litazibwa na nguo mpya za bei rahisi kutoka China, na kiwanda chetu kitabaki palepale. Ianze serikali yenyewe, ambayo ni mnunuzi mkubwa: sare za askari na mashuka ya hospitali viagizwe kwenye viwanda vya ndani kwa mikataba ya miaka kadhaa, ili mwenye kiwanda athubutu kukopa na kununua mashine. Umeme usikatike katikati ya zamu. Ushuru wa mitumba nao upande kadiri mashati yetu yanavyofika Karume kwa bei ambayo yule kijana anaimudu, si kabla.