Nani Amlinde Admini Asiyelipwa?

Mwezi Mei mwaka 2020, Facebook ilikubali kulipa dola milioni 52 ili kumaliza kesi iliyofunguliwa Marekani na wasimamizi wa maudhui, ambao walidai kwamba kushinda wakitazama mauaji na unyanyasaji kuliwaachia maradhi ya akili. Jijini Nairobi wenzao zaidi ya 180 walikwenda mahakamani mwaka 2023, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ikakubali kwamba Meta, kampuni mama ya Facebook na WhatsApp, inaweza kushtakiwa nchini Kenya. Watu hao walikuwa na kitu ambacho admini wa kundi la WhatsApp la wanakijiji waishio mjini hana, nacho ni ajira ya kudaiwa haki zake. Yeye alipata cheo kwa kuwa ndiye aliyeanzisha kundi, au kwa kuwa aliyelianzisha alichoka.

Usiku wa manane mtu anarusha video ya ajali, maiti zimetapakaa barabarani. Simu iliyoachwa kwenye chaja inaipakua yenyewe na kuiweka pamoja na picha za familia, na asubuhi mtoto anayetafuta katuni ndiye anayeikuta. Tangu mwaka 2022 admini anaweza kuwafutia wanakundi wote, ila ili ajue kama inastahili kufutwa, sharti kwanza aitazame.

Wapo wasemao kwamba hakuna aliyemlazimisha, akichoka ajiuzulu. Hoja hiyo si ya kupuuzwa, kwani tukianza kudai masharti ya ajira kwa kila kundi la harusi au la msiba, hakuna atakayethubutu kulifungua. Lakini anayejiuzulu huwaachia wazee na vijana uchafu ule ule, na kwa desturi zetu huonekana amewasusa.

Kwa upande wa picha, nafuu ipo: kuzima upakuaji wa moja kwa moja, au kuzifunika kwa ukungu hadi mtu aamue kuzigusa. Picha za unyanyasaji wa watoto zinazofahamika tayari hutambuliwa na programu kama PhotoDNA, iliyobuniwa mwaka 2009, bila jicho la mtu kuziona. Kwenye WhatsApp, hata hivyo, ujumbe umefungwa kiasi kwamba kampuni yenyewe haiusomi, hivyo faragha tunayoipenda ndiyo inayomwacha admini peke yake mlangoni. Tena si kila picha ya kutisha ni ya kufutwa: mwaka 2017 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilitoa hati ya kumkamata Mahmoud al-Werfalli, kamanda wa kijeshi wa Libya, ikitegemea sana video za mauaji zilizosambaa mitandaoni. Aliyefunikiwa kila kitu angefuta ushahidi huo bila kujua.

Mzigo mzito zaidi, kwa maoni yangu, ni maneno, maana hayafunikiki. Kuyasoma ndiyo kazi yenyewe. Chukua neno madoadoa. Mpishi hulitumia kwa ndizi iliyoiva na fundi kwa ukuta uliovuja, lakini katika siasa za Kenya limetumika kuwaita watu wa makabila mengine uchafu wa kuondolewa, na mwaka 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ililiingiza katika orodha ya maneno ya chuki. Mashine haitajua ni madoadoa yapi yaliyokusudiwa. Anayejua ni mtu wa hapo, na mara nyingi ndiye huyo huyo anayetukanwa.

Ndiyo maana siafikiani na wanaodhani chujio bora litamaliza tatizo, ingawa chujio lazima liwepo. Msimamizi wa kujitolea anahitaji ruhusa ya kusema, "Hili silisomi, lisome wewe," na pawepo wa kuambiwa hivyo. Katika kundi letu la waliomaliza shule pamoja tuliweka maadmini wanne wanaopokezana kila mwezi, na asiye na zamu haulizwi kwa nini kimya. Uchaguzi ukikaribia, zamu inapunguzwa hadi wiki moja.