Soda ya Kuokea Kabla ya Mita 800

Kocha anayemkataza mwanariadha wake kujijaribu na soda ya kuokea ili akimbie kasi zaidi ana hoja nzito. Kipimo cha kawaida ni gramu 0.3 kwa kila kilo ya mwili. Mkimbiaji wa kilo 60 atameza gramu 18, zenye karibu gramu 5 za sodiamu, ilhali Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima asifikishe gramu 2 kwa siku. Mwenye shinikizo la damu au figo dhaifu asiiguse kabisa.

Lakini kukataza tu hakusaidii. Soda hiyo haimo kwenye orodha ya dawa zilizopigwa marufuku michezoni, inauzwa madukani, na inafanya kazi. Juhudi kali ya kati ya nusu dakika na dakika 12 hujaza msuli asidi. Bikaboneti, yaani soda yenyewe, ikiongezeka damuni huivuta asidi hiyo itoke. Mita 800, mbio zilizompa Mganda Halimah Nakaayi dhahabu ya dunia kule Doha mwaka 2019, zimo katika muda huo. Wa marathoni asijisumbue.

Kikwazo ni tumbo, na matumbo hayafanani. Utafiti hutoa wastani wa kundi. Hausemi nani ataharisha, wala bikaboneti damuni mwa nani itafika kileleni baada ya saa moja na mwa nani baada ya saa mbili na nusu. Hilo mkimbiaji atalijua kwa kujijaribu mwenyewe, tena mazoezini, si siku ya mashindano.

Atumie mizani ya gramu, si kijiko. Aanze na gramu 0.2 kwa kilo, agawe mafungu manne ndani ya saa moja, kila fungu na maji mengi na kipande cha chapati, amalize saa moja na nusu kabla ya kukimbia. Asichanganye na juisi ya pasheni au ndimu: povu lile ni bikaboneti inayopotea. Magadi ya kulainishia maharage hayafai hata kidogo, yana kaboneti kali inayounguza koo. Beking pauda nayo imeshatiwa asidi.

Kinachoharibu majaribio mengi ni kubadili mambo mawili kwa mpigo. Aliyemeza soda, akaongeza kahawa, akavaa viatu vipya, kisha akapunguza sekunde mbili, hajajua kilichomsaidia. Afadhali mwenzake amjazie kapsuli tupu, nyingine soda, nyingine unga wa ngano, asimwambie zipi ni zipi. Akimbie umbali uleule, saa ileile, kwa wiki kadhaa. Tofauti isipozidi ile anayoipata siku zake za kawaida, kwake yeye kocha yuko sahihi.